Alama Ndani ya Sauti ya Klementina

"Nitolee maneno yako kwenye sauti yangu! Leo hii! Sitoki hapa!"

Klementina alisimama mlangoni mwa studio ya Rahim, mikono kiunoni, harufu ya dagaa ikiwa imeshatangulia ndani. Rahim alivua spika za masikioni taratibu, kama mtu anayetegemea kwamba akichelewa kidogo mgeni atakata tamaa na kuondoka. Hakumjua vizuri mgeni wake.

"Shikamoo, mama Herieth."

"Marahaba, na maneno yangu yako palepale. Nitolee."

"Hakuna maneno, mama yangu. Nimetia alama. Alama tu."

"Alama ikikaa ndani ya wimbo itakuwa nini kama si maneno? Itakuwa kidonda?"

Rahim alicheka, akajuta kucheka. Alikuwa kijana wa ukoo wa wenye malori pale mjini Sumbawanga, aliyeyaacha malori ya baba yake akanunua kompyuta, na mji mzima ulikuwa bado unasubiri kuona atarudi lini kwenye malori. Kwaya ya kigango cha kina Klementina, kule Chanji, ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Aliwarekodi nyimbo nane. Kabla ya uzinduzi akachoma CD tano za kusikilizia, wakapewa watu watano, na ya nne ikaenda kwa Klementina, kwa sababu yeye ndiye anayeanzisha ule wimbo uliobeba kanda nzima. Kila CD ilibandikwa kikaratasi: "Nakala hii ina alama ndani. Usimwazime mtu."

Kisha mwenyekiti wa kwaya, mzee Oswaldi, akashuka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa shughuli zake. Pale karibu na gati, mahali maboti ya Zambia na Kongo yanaposhusha mizigo, akamsikia Klementina akiimba ndani ya redio ya muuza kaseti. Wimbo haujazinduliwa, na tayari unauzwa kando ya mafungu ya samaki. Akainunua kaseti ile, akapanda nayo hadi mjini, akamtupia Rahim mezani. Rahim akaiingiza kwenye kompyuta, akakaa, akakuna kichwa, akasema: "Imetoka kwenye CD namba nne."

Jioni ile mazoezini mzee Oswaldi alisimama mbele ya kwaya nzima. "Mama Herieth," alisema, "kaa pembeni kwanza mpaka jambo hili lieleweke." Hakumwita mwizi. Alimwacha kila mtu amwite mwenyewe moyoni mwake. Kabla mazoezi hayajaisha Agnesi wa sauti ya kwanza alikuwa ameshaanza kuujaribu ubeti wa Klementina, tena kwa kuuvuta puani. Uzinduzi ulikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

Hilo ndilo lililompeleka studio. Sauti ndiyo kitu pekee ambacho Klementina hakukipata kwa kupigania. Mengine yote, kibanda cha sokoni, paa la bati, kumsomesha binti yake Herieth mpaka akaolewa Mpanda, aliyatoa kwenye dagaa, gunia kwa gunia, tangu mumewe Leonidas afariki na kumwachia msumeno na madeni ya mbao. Lakini kanisani, akifungua mdomo, hata wale waliomkimbia sokoni kwa ukali wa bei zake walikaa kimya. Kumnyang'anya ubeti ule ni kumwacha na dagaa watupu.

"Wenzangu wanasema umetia matangazo ya sabuni," alimwambia Rahim. "Wengine wanasema ni jina la mchumba wako. Mimi sijali ni nini. Sauti yangu si gunia."

Na hapo, kwa upande wake, alikuwa anajua anachokisema. Klementina alizaliwa karibu na Kasanga. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa inatafutwa kama dawa, alipandisha magunia ya dagaa mjini, na katikati ya dagaa mlikuwa na miche ya sabuni kutoka ng'ambo. Wakaguzi barabarani walichoma magunia kwa fimbo ya chuma, wakanusa, wakapiga chafya, wakaachia. Dagaa wenyewe hawakuwa na maana yoyote. Wakivunjika, wavunjike. Kilichotakiwa ni mkaguzi asijue kabisa kwamba ndani kuna kitu. Siku akijua, biashara imekufa. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, sabuni zikapangwa milangoni mwa maduka mpaka watu wanajikwaa, na Klementina akabaki kuuza dagaa ambao ni dagaa kweli.

Kwa hiyo aliposikia kwamba ndani ya wimbo wake kuna kitu kisichosikika, hakuwa na njia nyingine ya kufikiri. Yeye alikuwa dagaa, na Rahim alikuwa amempakia sabuni.

Rahim alimvutia kigoda. "Kaa, mama. Nikuoneshe."

"Nitaona nikiwa nimesimama."

Alitoa noti mfukoni, akaiinua kuelekea dirishani. "Unaona nini ndani ya karatasi?"

"Kichwa cha twiga. Nani asiyekijua?"

"Kimefichwa?"

Klementina alisita. "Hakijafichwa. Lakini hakionekani mpaka uinue."

"Basi. Twiga hakuletwa pale kukupa ujumbe wa siri. Anaisemea noti yenyewe, kwamba ni halali. Na kila mtu anajua yupo. Alama yangu ndiyo hiyo. Inausemea wimbo wenyewe: mimi ni wa kwaya hii, mimi ni nakala namba fulani. Si ndiyo maana nikabandika kikaratasi? Ningekuwa naficha ningebandika tangazo?"

"Sasa mbona siisikii?"

"Kwa sababu ungeisikia ingeharibu wimbo."

"Kwa hiyo haijafichwa, ila haisikiki."

"Ndiyo."

"Rahim, usinifanye mtoto."

Alimweleza kwa namna nyingine. Ndani ya kila CD alikuwa ametia mwangwi mdogo mno, mdogo kuliko unavyoweza kudakwa na sikio, ukifuata nyuma ya kila sauti. Ya kwanza mwangwi unachelewa hivi, ya pili unachelewa zaidi kidogo, na kuendelea hadi ya tano. Sikio linapitwa, kompyuta inapima. Na mwangwi haukukaa sehemu moja. Ulikuwa kwenye wimbo wote, tangu Klementina anavuta pumzi mpaka kinanda kinanyamaza. Ukitaka kuung'oa itabidi ung'oe na wimbo.

Klementina alisikiliza, akaona kama ameelewa, halafu kuelewa kwenyewe kukamponyoka. "Na maneno je? Kompyuta yako haiwezi kuficha maneno humo?"

"Inaweza. Hiyo ni kazi nyingine."

"Aha! Unaona!"

Rahim alishika kichwa. Kisha akafanya kitu ambacho kilimsaidia kidogo na kumchanganya zaidi. Akauchukua wimbo uleule wa nakala namba nne, akaandika kwenye kompyuta: "Mama Herieth ni mkali." Akayapachika maneno yale ndani ya wimbo, akaucheza. Klementina akasikia sauti yake, safi, bila mkali wala mpole. Rahim akabonyeza tena, na maneno yakachomoza kwenye kioo: Mama Herieth ni mkali.

"Haya sasa ndiyo sabuni zako," alisema. "Hapa wimbo ni gunia tu. Ningeweza kutumia wimbo wowote, hata mlio wa mbuzi. Mzigo ni yale maneno, na siri ni kwamba yapo. Sasa tazama."

Akaurekodi wimbo ule kwenye kaseti ya kawaida, kisha akaurudisha kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta. Akatafuta maneno. Kwenye kioo zikatoka herufi za ovyo, kama kuku wamepita juu ya unga.

"Yamekufa," alisema Rahim. "Kaseti ina mikwaruzo, maneno ni laini, yamevunjika. Ila mwangwi..." Akabonyeza pengine. Namba nne ikatokea. "Alama ipo. Nilitengeneza ipigwe, irekodiwe, ikwaruzwe, na bado ibaki."

Klementina alikiinamia kioo. "Kwa hiyo cha siri kimekufa," alisema polepole, "na kisicho cha siri ndicho nisichokisikia, na ndicho hakifi."

"Sawasawa kabisa."

"Mungu wangu." Alikaa kwenye kigoda hatimaye, bila kukaribishwa mara ya pili. "Na hiyo namba nne inasema mimi nimeuza?"

Inaonekana Rahim hakuwa amejiuliza hivyo. "Hapana," alisema. "Inasema kaseti ile ni uzao wa CD yako. Aliyerekodi haimjui. Alama haijui mtu, inajua nakala."

"Ulimwambia hivyo mzee Oswaldi?"

"Hakuniuliza."

"Na wewe ukanyamaza kama gogo." Alinyanyuka. "CD yangu haijaibwa. Iko nyumbani ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Nimeiona juzi kwa macho yangu."

Ilikuwa kweli. Alipofika Chanji alilifungua sanduku, akaipata pale pale, inang'aa, kikaratasi kimebandikwa. Akaigeuza. Akaipima mkononi, kama anavyopima fungu la dagaa kujua kama mtu amechomoa. Haikuwa imepungua chochote. Hapo ndipo akili ilipogoma kabisa. Kitu kikitoka kwako kinapungua. Gunia likiguswa, kamba inasema. Hii iliwezaje kuuzwa Kasanga na huku imelala kwenye vitenge vyake?

Aliyemtoa kwenye kizunguzungu kile alikuwa Masunga, naye alikuja kwa kununa.

Masunga alikuwa Msukuma mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake bondeni, kule Ziwa Rukwa, upande wa Muze. Kila alipopanda mjini na samli alipita kwa Klementina kuchukua dagaa, na walikuwa wakitupiana maneno mpaka soko zima linacheka. Siku hiyo alichukua fungu lake, akalipa, akageuka.

"We Masunga! Siku hizi hata salamu umeuza?"

"Nimekusalimia, mayu," alisema Masunga, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Umenisalimia kama unasalimia nguzo ya umeme. Nani amekulisha sumu?"

Masunga aliuweka mfuko chini. "Mama yangu tulimzika mwezi wa tano. Hujaja."

"Nilikuwa na homa! Nilikutumia wimbo ukapigwe matangani. Kijana wako wa samli si alikuja kuichukua CD, na wiki iliyofuata akairudisha nzima..."

Ghafla aliliona lile sanduku, vitenge, mkono wake ukiitoa CD, na kikaratasi kinachosema usimwazime mtu. Hakuwa amekihesabu kitendo kile kuwa ni kuazima. Ilikuwa ni kwenda msibani. Na kwa vile CD ilirudi, akilini mwake ilikuwa haijaenda.

"Masunga. Ile CD mliifanya nini?"

"Tuliipiga. Nimenunua redio ile kubwa, inacheza CD na kurekodi kaseti. Watu walilia mpaka wakapenda. Nikarekodi kaseti, maana CD inakula betri. Ndugu zangu wa Kasanga nao wakarekodi kwenye yangu waende nayo." Alimtazama. "Nilikosea? Ya kwako nilikurudishia, haina hata mkwaruzo."

Klementina aliketi juu ya gunia. Alimweleza yote, alama, mwangwi, twiga, sabuni, kwa kuruka ruka, maana mengine alikuwa hayajamkaa sawa. Masunga alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni chapa," alisema. "Ng'ombe wangu wana chapa pajani. Haiwekwi kwa siri. Mwizi anaiona, na haimsaidii."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Lakini sikiliza hapa: ng'ombe wako mwenye chapa akizaa, ndama anazaliwa na chapa?"

"Hapana. Ndama unamchoma mwenyewe."

"Haya. Wa Rahim anazaliwa nayo. Na akizaa tena, mjukuu anayo. Kaseti ya ndugu zako ni mjukuu, na wa gatini ni kitukuu, na wote wamepigwa namba yangu."

Masunga alikuna kidevu. "Basi huyo kijana aje kwenye zizi langu," alisema, "nimpe dume amtie chapa."

Walicheka, lakini kwa muda mfupi. Alipomwambia habari ya Agnesi na ubeti, Masunga aliuokota mfuko wake. "Mazoezi ni saa ngapi?"

Jioni waliingia pamoja kanisani, Msukuma na fimbo yake na Klementina nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Klementina alikaa kimya bila kuambiwa. Rahim alikuwa ameshafika, bila kuitwa, akimweleza mzee Oswaldi ile habari ya nakala na mtu. Mzee Oswaldi alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza lugha ya ng'ambo.

"Shikamoo, mzee," alisema Masunga. "Mimi ndiye mwenye kaseti."

Alieleza. Msiba, CD, redio, betri, ndugu wa Kasanga. Hakuna aliyeuza hata mmoja wao, alisema. Huyo wa gatini huenda aliisikia kwa ndugu mmojawapo akaona riziki. "Kama mnatafuta wa kumwadhibu, nipo. Ila sijui kosa langu linaitwaje. Kosa la kumlilia mama?"

Mzee Oswaldi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini kikaratasi kilisema usimwazime mtu."

"Kilisema," alijibu Klementina. "Na mimi nilikisoma. Sikumwazima mtu, mwenyekiti, nilimwazima marehemu. Kama kuna kifungu chake kwenye sheria za kwaya nisomee."

Mtu mmoja wa sauti ya tatu alicheka kwa pua. Mzee Oswaldi alimgeukia Rahim. "Alama yako hii. Inaweza kujua kama mtu alitoa kwa kuuza au kwa kuzika?"

"Haiwezi, mzee."

"Sasa inafaa nini?"

"Inakuonesha nyumba ya kwenda kuuliza."

"Na mimi sikuuliza," alisema mzee Oswaldi, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyotumia kumweka Klementina pembeni. Akakohoa. "Agnesi, rudi kwenye mstari wako. Mama Herieth, anzisha."

Akaanzisha. Siku ya uzinduzi alianzisha pia, mbele ya watu wa Milanzi na Chanji na wafadhili wenye suti, na kaseti ziliuzwa, na wanaojua walisema wengi walizinunua kwa sababu walishausikia wimbo ule kwenye zile za gatini. Hata hilo Klementina hakulielewa. Mwizi alikuwa amewatangazia, na bado alikuwa mwizi.

Lakini lilibaki la Masunga. Jioni ile ya mazoezi, walipotoka kanisani, Masunga alimwambia hivi, bila ukali: "Kwaya umemalizana nayo. Kwangu bado unadaiwa."

"Si nilituma sauti?"

"Sauti ilikuja, mayu. Na iko kila mahali, hata gatini inauzwa. Wewe ndiye hukuja."

Kwao Klementina, na kwa Masunga vilevile, asiyefika kuzika anadaiwa kuhani msiba, hata mwaka ukipita, na kuhani hakutumwi. Mtu anakwenda, anakaa chini na wafiwa.

Jumatatu baada ya uzinduzi alipanda lori la mahindi linaloshuka Muze. Barabara ya Lyamba, inayoteremka mlima kuingia bondeni, ilimrusha juu na kumtua mpaka akakumbuka dhambi zake zote, na baridi ya Ufipa ikabaki juu, na joto la bonde likampokea kama pumzi ya tanuri. Alifika kwa Masunga mchana, miguu imevimba. Mke wa Masunga, Shija, alikuwa anapepeta. Akaacha ungo, akatandika mkeka, bila kuuliza.

Klementina alikaa chini, miguu mbele. Hakusema habari za CD. Aliuliza marehemu aliugua siku ngapi, alikuwa anakula nini, nani alimshika mkono mwishoni, na Masunga na Shija walimjibu kwa zamu, wakirekebishana, kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa. Ng'ombe walipita nyuma ya ua. Aliposikia yametosha akaanza ule wimbo, kwa sauti ya chini, iliyokwaruzwa na vumbi la njiani. Ubeti wa pili ulimkatikia. Alikuwa anamkumbuka Leonidas, bila kutaka. Masunga aliushika palipokatikia, kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, hakuna noti iliyokaa mahali pake, wakaumaliza hivyo hivyo wote watatu.

Shija alimletea maziwa kwenye kibuyu.

"Basi, mayu," alisema Masunga. "Hatukudai tena."

"Na uliimba vibaya," alisema Klementina, akapokea kibuyu kwa mikono miwili.